Ndugu Hayumo Kwenye Kadi

Kwenye dirisha la bima la hospitali kubwa yoyote Tanzania, swali la karani ni fupi: mgonjwa ni nani kwako? Ukijibu kuwa ni mke, mume, mtoto, mzazi au mkwe, mazungumzo yanaendelea. Ukijibu "ni dada yangu," yameishia hapo. Kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya inamtambua mwanachama, mwenza wake na wategemezi wanne, na dada mtu mzima hayumo kati ya hao. Kenya nako, Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 kuchukua nafasi ya mfuko wao wa zamani wa bima, NHIF, inahesabu kaya, yaani mchangiaji, mwenza na watoto. Kaka yako wa tumbo moja, mliyegombania shuka moja mpaka mkabalehe, mbele ya sheria ni kaya nyingine.

Siwalaumu waliotunga. Bima yoyote lazima ijenge ukuta mahali fulani, la sivyo kila mwanachama angeleta ukoo mzima. Tatizo ni kwamba ukuta umejengwa pale pale ambapo maisha yetu yanapita. Chukua mwanamke wa miaka 40 ambaye ameachika, ana genge la mboga, wazazi wameshatangulia na watoto bado wako shule. Akigundulika na saratani ya titi au ya mlango wa kizazi, magonjwa ambayo hayangoji mtu azeeke, anayepigiwa simu ni nani? Ni kaka yake wa Arusha na mdogo wake wa Kahama. Hata vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa tunavyoviendesha wenyewe, mara nyingi vinafuata ukuta huo huo. Katiba zao nilizowahi kuzisoma zinataja mwenza, mtoto na mzazi kwenye mfuko wa jamii. Ndugu akiugua, wanakikundi wanakuja kukupa pole, na ukibahatika, mkopo.

Kwa hiyo kaka anabaki na chombo kimoja mkononi, nacho ni kuomba watu wachange. Chombo hicho ni kizuri, kimeozesha watu na kuzika watu tangu zamani. Kwenye saratani kinavunjika mara kwa mara, na sababu haiko kwenye ubahili wa watu.

Kwanza neno lenyewe. Kuchangia ni kitenzi kilichobeba mizigo miwili inayogongana. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963 na Jomo Kenyatta akaifanya harambee kuwa wito wa taifa: wananchi wachange wajenge shule na zahanati, na serikali iweke walimu na madaktari. Baadaye, fedha za umma zilipokauka na masharti ya wakopeshaji yalipokaza, kitenzi kikageuzwa. Desemba 1989 Kenya ilianza kutoza ada hospitalini, na Tanzania ikafuata mwaka 1993. Ada hizo hazikuitwa ada. Ziliitwa uchangiaji wa gharama. Mwananchi aliyekuwa akichanga ili zahanati ijengwe sasa anachanga ili atibiwe humo, na mgonjwa asiye na cha kuchangia inabidi achangiwe ili achangie. Nilipomsikia mzee mmoja kwenye kikao akiuliza kwa uchungu, "Tunachanga ili tuchangie?" watu walicheka, lakini swali lake halikujibiwa.

Ukubwa wa jambo lenyewe unajulikana kwa makadirio. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, kwa mwaka 2022, liliiweka Tanzania na Kenya karibu sawa: wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 kila nchi kwa mwaka, na vifo karibu 30,000 kila nchi. Uwiano huo wa vifo kwa wagonjwa ni mbaya, na sehemu yake kubwa inatokana na kuchelewa. Wengi hufika hospitali ya rufaa ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Kuchelewa huko kuna sababu nyingi, zikiwemo waganga wa kienyeji, hofu, na zahanati iliyotoa dawa za vidonda vya tumbo kwa mwaka mzima. Sababu mojawapo ni kwamba familia inangoja ipate jina la ugonjwa ndipo ianze kuchangisha, na jina la ugonjwa lenyewe linahitaji fedha. Kinyama lazima kikatwe, kiende maabara, kisomwe na mtaalamu wa patholojia. Kisha kuna vipimo vya ziada vya kuonyesha aina ya seli, na picha ya CT kuonyesha ugonjwa umefika wapi. Hakuna anayefungua grupu la WhatsApp kwa ajili ya kinyama. Linafunguliwa baada ya majibu, na mara nyingi majibu yamechelewa kwa sababu ya fedha ambayo watu watatu tu wangeweza kuimaliza.

Grupu likishafunguliwa, ndipo kasoro kubwa inapojitokeza. Michango yetu imezoea vitu vyenye tarehe. Harusi ina tarehe, kadi inachapwa, kamati inakaa, ahadi zinakusanywa, siku ikipita kila mtu anarudi kwake. Msiba hauna kadi lakini una siku zake na daftari la rambirambi mlangoni, na jina lako lisipoonekana humo litaulizwa. Saratani haina siku. Ina kalenda.

Mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi iliyovuka mahali ambapo kisu kinatosha hupangiwa kwa kawaida mionzi ya nje kama mara 25, siku tano kwa wiki kwa wiki tano, na kila wiki anatundikiwa dripu ya cisplatin. Akimaliza hapo kuna mionzi ya ndani. Mwenye saratani ya titi ya aina inayohitaji trastuzumab, dawa ambayo wengi wanaijua kwa jina la Herceptin, anachomwa kila baada ya wiki tatu kwa mwaka mzima, mara 17 au 18. Nchini Kenya dozi moja ilikuwa ikitajwa kuwa shilingi 120,000 za huko, mpaka mwaka 2025 serikali na kampuni ya dawa ya Roche walipokubaliana ishuke hadi 40,000 na bili ibebwe na Mamlaka ya Afya ya Jamii. Piga hesabu ya bei ya zamani mara 18: inazidi milioni mbili za Kenya, kwa dawa moja, kabla ya upasuaji na vipimo. Ni harambee gani inaweza kurudiwa mara 18 kwa watu wale wale?

Nimewahi kuwa mweka hazina wa michango ya namna hii mara mbili. Mara zote mbili wiki ya kwanza simu haikutulia. Watu niliosoma nao shule ya msingi walituma, wengine na neno la faraja, wengine bila neno, na wote wakikumbuka kuongeza ya kutolea. Mwezi wa tatu niliweka taarifa ya mapato na matumizi, nikapata madole gumba mawili, na moja lilikuwa la mgonjwa mwenyewe. Watu hawakuwa wamekuwa wabaya. Walikuwa wameshachanga, na kwa desturi yetu aliyechanga amemaliza.

Fedha inayokuja kwa kishindo hutumika kwa kishindo. Mgonjwa anahamishwa kutoka wodi ya kawaida kwenda hospitali binafsi, kwa sababu wachangiaji wakimtembelea na kumkuta wamelala wawili kitandani watauliza hela zao zimekwenda wapi. Inakatwa tiketi. Dripu tatu za kwanza zinalipwa papo kwa papo. Ikifika ya tano, mfuko mtupu. Na matibabu haya hayasimamishwi kama filamu unayoweza kuiendeleza ulipoishia. Mionzi ikikatika katikati, seli zilizosalia zinapata nafasi ya kuota tena, na zile siku ambazo mgonjwa alikwishachomwa zinapoteza nguvu yake. Kwa maneno mengine, milioni nane zilizopatikana ndani ya wiki moja zinaweza kumsaidia mgonjwa kidogo kuliko milioni nne zilizogawanywa kwa miezi kumi.

Ajabu ni kwamba chombo kinachofaa tunacho. Kikoba kinajua kukusanya kidogo kila wiki kwa mwaka mzima bila mtu kutoa machozi, na upatu vilevile. Watu 20 wanaoahidi 20,000 kila tarehe tano, na mmoja wao akiwa na kazi ya kukumbusha, wanaweka mezani 400,000 kila mwezi. Hiyo inatosha nauli, malazi, chakula cha mgonjwa na msindikizaji, na vipimo vya damu vinavyotangulia kila dripu. Tunachokosea ni kuiga kamati ya harusi wakati ugonjwa unafanana na kikoba. Mtu akiniambia grupu lake lina wanachama 256, huwa namuuliza ni wangapi kati yao wanaweza kuahidi mwaka mmoja. Wakifika kumi na watano, nampa hongera.

Kuna jambo jingine ambalo grupu huwa halijui linapofunguliwa: kinachochangiwa hasa ni nini. Saratani ni miongoni mwa magonjwa ambayo sera ya msamaha wa ada za matibabu nchini Tanzania inayataja, na asiye na uwezo anapaswa kuanzia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Wengi hawaipiti. Wengine wanaona aibu, hasa anapokuwepo ndugu mwenye gari. Dawa ya imatinib, inayotibu aina moja ya saratani ya damu, kwa miaka mingi imetolewa bure kupitia mpango wa kampuni ya dawa ya Novartis na shirika la Max Foundation kwa wagonjwa waliosajiliwa katika nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwemo. Watoto wanaotibiwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili wana shirika la Tumaini la Maisha, linalosimamia matibabu yao bila kuwatoza wazazi. Nairobi kuna Faraja Cancer Support Trust, wenye mfuko wa kuwalipia wasiojiweza. Nimeona familia ikichangisha kwa ajili ya dawa ambayo ingepatikana bure kwa barua ya daktari, kisha ikakosa nauli ya kuifuata.

Maana bure nayo ina gharama zake. Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoko kwenye jengo la hospitali ya Wajerumani la mwaka 1897 linalotazama bahari, ilipewa hadhi yake kwa sheria ya mwaka 1996, na kwa miaka mingi ndiyo peke yake iliyokuwa na mionzi kwa nchi nzima. Bugando, Mwanza, ilikuja baadaye. Mtu wa Kigoma anayeitwa Dar es Salaam kwa mionzi ya wiki tano anahitaji pa kulala wiki hizo zote, na mtu wa kumshika mkono. Msindikizaji huyo kwa kawaida ni dada. Ameacha duka, au ameacha mtoto kwa jirani. Mapato yake yaliyokatika hayaandikwi kwenye bajeti yoyote inayobandikwa kwenye grupu, ingawa pengine ndiyo mchango mkubwa kuliko yote. Ongeza mashine ya CT iliyoharibika wiki ile ile, ikabidi kupiga picha kwa mtu binafsi mjini, na dawa iliyoandikwa lakini haipo dirishani.

Mashine ikiharibika, umaskini wa familia unaonekana kwa usiku mmoja. Mwaka 2016 Uganda ilikuwa na mashine moja tu ya mionzi ya kobalti kwa wananchi, katika hospitali ya Mulago, Kampala. Ikafa. Nyingine haikuanza kazi mpaka karibu miaka miwili baadaye. Serikali iliahidi kupeleka mamia ya wagonjwa Nairobi, lakini wengine walilazimika kujitafutia, na kujitafutia kwa lugha ya kwetu ni ndugu kuanza kupiga simu. Kilichoshindikana pale ni bajeti ya serikali. Kilichochangishwa kilikuwa nauli ya basi la Kampala kwenda Nairobi.

Halafu kuna India. Siwezi kuandika juu ya michango ya saratani Afrika Mashariki nikaacha India, kwa sababu katika vikao vingi neno hilo ndilo linalofungua pochi. Sema "anahitaji dripu sita Ocean Road" uone, kisha sema "daktari ameshauri India." Safari ina sura ya tendo: kuna viza, tiketi, picha uwanja wa ndege, mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu, ndugu wawili wamebeba bahasha ya majibu. Mchangiaji anaona hela yake inapaa. Mwaka 2015 Wakenya walimchangia mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu mwenye uvimbe kwenye ubongo. Lengo lilikuwa shilingi milioni moja, na ndani ya siku chache zikapatikana zaidi ya milioni sita. Akaenda India, akapasuliwa, akarudi, akaishi miaka mingine zaidi ya miwili. Sisemi fedha ile ilipotea. Miaka miwili ya kijana si kitu cha kupigiwa hesabu ya hasara.

Ila Julai 2019 Kenya ilipata somo lenye upande mwingine. Ndani ya mwezi mmoja walifariki Bob Collymore, mkuu wa kampuni ya simu ya Safaricom, mbunge Ken Okoth wa Kibra na gavana Joyce Laboso wa Bomet, wote kwa saratani, na wote walikuwa wametibiwa ng'ambo: Uingereza, Ufaransa, India. Hakuna kati yao aliyekosa fedha. Wakenya wengi siku zile waliuliza kama wenye uwezo wanakufa, sisi je? Swali lenye faida zaidi lilikuwa jingine: kitu gani hasa kinapatikana Chennai, India, ambacho Nairobi au Dar es Salaam hakipo, kwa ugonjwa huu, kwa hatua hii? Wakati mwingine jibu ni kubwa, kwa mfano aina ya upandikizaji wa uboho au ya upasuaji ambayo haifanyiki hapa. Wakati mwingine dripu ni ile ile, cisplatin ni ile ile, na tofauti ni chumba chenye kiyoyozi. Ripoti ya patholojia na vile vioo vidogo vya kinyama vinaweza kutumwa kwa mtaalamu wa pili kwa gharama ndogo mno ukilinganisha na tiketi mbili. Kamati ikiniuliza, ningependa senti za kwanza ziende huko, kabla ya mtu yeyote kupiga picha ya pasipoti.

Nani anachangiwa? Hapa ndipo ninapopata tabu zaidi. Mchango haufuati ukubwa wa haja, unafuata ukubwa wa mtandao. Mtumishi wa benki akiugua, ana wafanyakazi wenzake, wateja, waumini, waliosoma naye chuo. Mvuvi wa kisiwani Mafia ana ndugu zake, nao ni wavuvi. Watafiti wawili wa Marekani, Lauren Berliner na Nora Kenworthy, walichambua kampeni 200 za matibabu kwenye GoFundMe, tovuti ya kuchangisha fedha, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017: karibu moja kati ya kumi tu ndiyo iliyofikia lengo, na waliofaulu walikuwa wale waliojua kuandika habari yao ikamvuta msomaji. Kama hivyo ndivyo ilivyo kwenye nchi yenye kadi za benki mfukoni mwa kila mtu, sisi tusijidanganye kwamba simu imefuta tofauti. M-Pesa iliyoanza Kenya Machi 2007 imerahisisha kutuma. Nani wa kumtumia, hilo simu haikuliamua. GoFundMe yenyewe haikubali fedha itoke moja kwa moja kwenda akaunti ya Tanzania wala Kenya, hivyo familia yenye mtoto Minnesota, Marekani, ina mlango ambao jirani yake hana.

Na habari yenye kuvuta inataka ugonjwa wenye heshima. Uvimbe wa ubongo unasemeka, saratani ya damu ya mtoto inasemeka. Tezi dume, utumbo mpana, mlango wa kizazi, hapo mwandishi wa tangazo anaanza kuzunguka: "ndugu yetu anasumbuliwa na tumbo." Wachangiaji wanachanga kwa kiwango cha tumbo. Ukiliandika jina la ugonjwa waziwazi unakuta hujamuuliza mgonjwa. Nimewahi kuona picha ya mama wa watu akiwa wodini, kifua wazi nusu, ikizunguka mitandaoni na namba ya simu chini. Aliyeibandika alikuwa mdogo wake, kwa nia njema kabisa. Wiki mbili baadaye picha ile ile ilikuwa inazunguka na namba nyingine. Matapeli hawana kazi ngumu. Wanabadilisha tarakimu kumi tu. Kinga ninayoiamini ni ya kizamani: majina mawili ya watu wanaojulikana, namba ya malipo inayotolewa na hospitali yenyewe kila inapowezekana, na picha abaki nayo mgonjwa mwenyewe mpaka aruhusu.

Ndani ya nyumba kuna siasa ambazo tangazo halizionyeshi. Dada aliyeolewa akiugua, mgonjwa ni wa nani? Upande wa mume watasema kaka zake wana uwezo. Upande wa kuzaliwa watasema mahari ililipwa, mke ni wenu. Huku wanazungushiana, tarehe ya mionzi inapita. Kisha kuna shamba la urithi. Watoto watano, ekari tatu, mmoja anaumwa: likiuzwa, limeuzwa fungu la nani? Nimesikia mgonjwa akikataa katakata shamba lisiuzwe kwa ajili yake, kwa sababu alijua kuwa akifa, watoto wake wataambiwa baba yenu alikwishakula fungu lake. Na kuna kaka mkubwa aliyekopa Sacco kwa siri, akawa anakatwa mshahara miaka mitatu, mke wake akiwa hajui. Grupu lilimshukuru kwa laki mbili zilizoonekana.

Swali moja ningependa lijibiwe siku ya kwanza ya kikao, na halijibiwi kwa sababu linaonekana la uchuro: mgonjwa akifariki fedha ikiwa imebaki, inakwenda wapi? Kwa watoto wake? Kwenye jeneza? Inarudi kwa waliochanga? Nimeona undugu wa miaka hamsini ukipasuka kwa laki sita zilizobaki. Sentensi moja kwenye maelezo ya grupu ingetosha.

Serikali zinajaribu kusogeza ukuta. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kenya iliweka kikomo cha matibabu ya saratani cha shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka, na 150,000 zaidi kutoka mfuko wa magonjwa sugu na ya dharura. Kilikuwa kikiisha haraka, na madaktari walilalamika, lakini kilikuwa tofauti na sifuri. Ukiisoma sheria ya Kenya kwa jicho la kaka, kuna mwanya: dada yako ni kaya yake mwenyewe, na mchango wa chini kwa asiye na ajira rasmi ni 300 kwa mwezi, unaolipwa kwa mwaka mzima kwa pamoja. Shilingi 3,600 za Kenya kumlipia ndugu mzima leo ni rahisi kuliko 3,600 utakazochanga akiwa amelala. Tanzania Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, CHF, umekuwa ukitoza 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka katika mikoa mingi, ila mlango wake haufiki hospitali ya taifa, kwa hiyo anayemlipia ndugu yake CHF akidhani amemkinga na saratani amemkinga na malaria. Na nani anachangisha kwa ajili ya mtu mzima mwenye afya? Jaribu kubandika tangazo hilo uone kimya kitakachofuata.

Kimya hicho hicho kinawangoja waliopona. Aliyemaliza mionzi anatakiwa kurudi kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili ya mwanzo. Mwenye saratani ya titi inayokuzwa na homoni anameza tamoxifen kila siku kwa miaka mitano, pengine kumi. Grupu la mwanamke mmoja ninayemfahamu bado lipo, limebadilishwa jina mara mbili, na sasa watu wanatumiana humo salamu za Ijumaa na matangazo ya viwanja. Yeye anasafiri kutoka Singida kwenda kliniki mara nne kwa mwaka. Siku tatu kabla ya kila safari simu yake inalia mlio wa ujumbe: kaka yake ametuma nauli ya kwenda na kurudi, na ya kutolea.